Kuanza staji katika nyumba ndogo ya uchapishaji Lubumbashi: kutoka mswada hadi katoni

Nyumba ndogo ya uchapishaji Lubumbashi mara nyingi ni watu watatu au wanne, kompyuta mbili, kabati la miswada na chumba kimoja cha katoni. Ukija ukidhani utakaa kusoma riwaya na kutoa maoni, utachoka mapema. Kazi inayookoa pesa pale ni kujua faili ipi ndiyo ya mwisho, karatasi ngapi zinatakiwa na nakala ngapi ziko kwenye duka lipi. Stajieri, yaani mwanafunzi anayejifunza kazini, anayeshika mambo hayo matatu haraka huachiwa kitabu kizima akisindikize. Mwongozo huu unafuata njia ya kitabu chenyewe, na unakaa zaidi pale ambapo pesa hupotea.

Barua, tarehe na namna ya kuingia

Ukitokea UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), ISP (chuo cha ualimu) au chuo kingine, omba barua ya staji kwenye sekretarieti ya kitivo mapema. Andaa nakala mbili: moja inabaki kwa mchapishaji, ya pili irudi na muhuri na tarehe ya kupokelewa. Bila muhuri huo, barua ikipotea mezani utaanza upya. Nenda mwenyewe asubuhi. Ujumbe wa WhatsApp peke yake husahaulika.

Uliza mambo matatu kabla ya kukubali: tarehe ya kuanza na kumaliza, nani atakusimamia, na kama kuna pesa ya usafiri. Staji nyingi hazilipwi, na si aibu kuuliza usafiri waziwazi. Anayetoka Ruashi au Katuba hadi mjini kila siku anajua hesabu hiyo inavyokula. Ukiweza kuchagua, chagua miezi ya Julai hadi Septemba. Masomo hufunguliwa Septemba, kwa hiyo wenye vitabu vya shule wanakimbizana na kalenda, na utaona kazi yote ikipita mbele yako kwa wiki chache.

Mkurugenzi mwite Mama au Papa pamoja na cheo chake. Waliokutangulia ofisini ni Yaya, hata kama mmelingana umri. Fundi wa mashine kule imprimeri, yaani kiwanda cha kuchapa, ni Chef, na husalimiwa kwanza ndipo aulizwe kazi imefika wapi. Mwandishi ni Prof, Papa au Mama, na usimpigie simu kabla ya kumwuliza msimamizi wako: huenda kuna deni au ugomvi ambao huujui.

Siku ya kwanza fika na rula ya sentimita 30 yenye milimita zinazosomeka, kikokotoo, kalamu nyekundu, penseli, daftari na flashi mbili.

Faili: ipe jina kabla ya kuifungua

Kosa linaloumiza kuliko yote ni kuchapa toleo lisilo la mwisho. Hutokea hivi: mhariri anasahihisha kwenye kompyuta moja, mwandishi anatuma faili yake kwa simu, na mpangaji wa kurasa anachukua iliyokuwa juu kwenye folda. Majina kama "mwisho", "mwisho kabisa" na "mwisho wa kweli" hayasaidii mtu. Tumia jina fupi la kitabu, hatua, namba ya toleo na tarehe iliyoanza na mwaka: mgodi_prufu_02_20250714. Tarehe ikianza na mwaka, kompyuta inapanga faili zenyewe kwa mfuatano sahihi. Matoleo ya zamani yaweke kwenye folda moja inayoitwa "zamani", wala usiyafute mpaka kitabu kitoke.

Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, hukatika bila kubisha hodi. Kompyuta ya mezani iwe kwenye onduleri (kifaa chenye betri ya akiba), na wewe uhifadhi kazi kila baada ya dakika chache. Jenereta ikiwashwa, subiri dakika moja au mbili umeme utulie kabla ya kuwasha mashine. Jioni nakili kazi ya siku kwenye flashi zote mbili, moja ibaki ofisini na nyingine itoke, kama msimamizi ameruhusu. Asiporuhusu, usitoke nayo: mswada ni mali ya mtu.

Picha za jalada zinazotumwa kwa WhatsApp hubanwa. Kwenye simu zinaonekana safi, kwenye karatasi zinatoka na ukungu. Jalada la mbele la A5 pamoja na ziada ya kukata, kwa nukta 300 kwa inchi, linahitaji picha ya pikseli 1,800 kwa 2,550 hivi. Mwombe mtumaji aitume kama dokumenti, au alete flashi.

Kupima mswada

Kabla mtu hajaanza kuhariri, mkurugenzi atauliza: kitabu kitakuwa na kurasa ngapi? Usikisie kwa kuangalia kurasa za Word, kwa sababu mwandishi mmoja hutumia herufi kubwa na mwingine ndogo. Hesabu alama, yaani kila herufi na kituo, pamoja na nafasi. Programu ya kuandikia hutoa hesabu hiyo yenyewe.

Tuseme mswada una alama 288,000. Ukurasa wa A5 wenye mistari 30, kila mstari alama 58, unabeba 1,740 ukijaa. Haujai: kuna mazungumzo, aya fupi, mwisho wa sura. Kwa riwaya chukua 1,600. Basi 288,000 gawanya kwa 1,600 ni kurasa 180. Ongeza 8 za mbele na nyuma (ukurasa wa kichwa, wa haki, yaliyomo), zinakuwa 188. Imprimeri inayokunja mafungu ya kurasa 16 itataka 192, yaani mafungu 12. Hizo kurasa nne za ziada usiziache tupu: weka orodha ya vitabu vingine vya nyumba. Nyumba nyingi zinazofuata desturi ya Kifaransa hupima pia kwa *feuillet*, ambayo ni alama 1,500. Mhariri wa nje akilipwa kwa *feuillet*, mswada huu ni 192. Hapa namba imelingana na kurasa kwa bahati tu, usizichanganye kwenye faktira (ankara).

Kusahihisha Kiswahili kwenye kompyuta iliyozoea Kifaransa

Hapa ndipo stajieri mzuri anajulikana, kwa sababu programu haitamsaidia.

Anza na karatasi ya maamuzi. Ni ukurasa mmoja unaosema: tunaandika mtu au mutu? Nukta mbili na alama ya kuuliza tunaziachia nafasi kama Kifaransa, au tunazibana kama vitabu vya Kenya na Tanzania? Elfu kumi ni 10 000 au 10,000? Mazungumzo yanaanza kwa kistari au kwa alama za kunukuu? Jibu lolote linafaa, mradi liwe moja toka ukurasa wa 1 hadi wa 192. Msimamizi asaini karatasi hiyo, maana mwandishi akija kulalamika utakuwa na cha kumwonyesha.

Kwa Kiswahili cha Lubumbashi kwenye mazungumzo, usikimbilie kukigeuza sanifu. Mhusika wa Kamalondo anayesema "bantu banakuya" akiandikwa "watu wanakuja", amehamishwa mji. Kazi yako ni kuangalia tu kama anasema hivyo kila mahali. Masimulizi ndiyo hufuata uamuzi wa nyumba.

Usibadilishe neno kwa amri ya kubadilisha yote. Ukiagiza "ba" iwe "wa", baba atakuwa wawa, kabati litakuwa kawati, na jiji lenyewe litaitwa Lubumwashi. Badilisha moja moja, ukiangalia.

Alama ya ng' ina matatizo yake. Kibodi ya Kifaransa humfanya mtu aandike mara alama iliyonyooka, mara iliyopinda, mara lafudhi iliyolala kushoto. Kwa macho zinafanana. Kwa kompyuta ni alama tatu, kwa hiyo ukitafuta ng'ombe utampata mmoja na kumkosa mwingine. Chagua iliyopinda kulia, na ulete zote kwenye hiyo kabla ya kupanga kurasa.

Halafu kuna kukata maneno mwishoni mwa mstari. Programu ikidhani maandishi ni Kifaransa itakata "nyum-ba" na "Lubum-bashi". Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, basi ni nyu-mba, Lu-bu-mba-shi, mwa-na-fu-nzi. Usitenganishe kamwe ny, sh, ch, dh, gh, th, ng' wala konsonanti inayofuatwa na w. Ukizima ukataji wote, maneno marefu kama "hawakumwambia" yataacha mapengo makubwa kwenye mstari ulionyooshwa pande zote mbili. Njia inayofanya kazi: ondoa lugha ya Kifaransa kwenye maandishi, zima ukataji wa moja kwa moja, kisha pita ukurasa kwa ukurasa ukiweka kistari laini palipo na pengo baya. Kistari laini huonekana tu neno linapofika ukingoni. Cha kawaida, maandishi yakisogea, hubaki katikati ya mstari, na wasomaji hukiona kabla yako.

Prufu, yaani kurasa zilizopangwa na kuchapwa ili zisahihishwe, isomwe mara mbili na watu wawili tofauti. Mara ya kwanza mmoja asome mswada kwa sauti pamoja na alama za vituo, mwingine afuate prufu kwa rula chini ya mstari. Mara ya pili angalia vitu visivyo maneno: namba za kurasa, vichwa vya juu, majina ya sura yakilinganishwa na yaliyomo, mstari mmoja wa aya uliobaki peke yake juu ya ukurasa. Makosa hupenda kujificha kwenye herufi kubwa, kwa hiyo jina la kitabu na la mwandishi lisome herufi kwa herufi kwenye jalada, kwenye mgongo na kwenye ukurasa wa kichwa.

Jalada na hesabu ya mgongo

Mgongo ni nusu ya idadi ya kurasa, mara unene wa karatasi moja, jumlisha jalada. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 ina unene wa milimita 0.1 hivi. Kurasa 192 ni karatasi 96, sawa na milimita 9.6. Jalada pande mbili ni kama 0.6. Mgongo ni milimita 10 hivi. Karatasi nyepesi iliyovimba, ile ya rangi ya maziwa, inaweza kufika 0.15 kwa gramu zilezile, na mgongo unapanda hadi 15. Ndiyo maana usitengeneze jalada kabla imprimeri haijasema itatumia karatasi gani. Omba karatasi mia, zibane, zipime kwa rula, gawanya.

Jalada zima la A5 ni 148 + 10 + 148, yaani milimita 306, pamoja na ziada ya 3 kila upande: 312 kwa 216. Rangi zigeuzwe kuwa za kuchapia, zile nne za wino (CMYK), kabla ya mwandishi kuonyeshwa. Kijani cha malakiti na rangi ya shaba, ambazo kila mtu hapa anazitaka kwenye jalada, hung'aa kwenye skrini na kufifia kwenye wino. Chapa jaribio moja kwenye karatasi ileile, umwonyeshe hilo.

ISBN iangalie mwenyewe, usiamini kuwa aliyeiandika hakukosea. Ina tarakimu 13 tangu 2007. Chukua 12 za kwanza, zidisha kwa 1, 3, 1, 3 kwa zamu, jumlisha, kisha tafuta inayokosekana kufika kumi kamili inayofuata. Kwa 978030640615 jumla ni 93, inakosekana 7 kufika 100, basi tarakimu ya mwisho ni 7. Ikitofautiana na iliyoandikwa, kuna tarakimu imekosewa au zimepishana. Msimbo wa mistari uwe mweusi juu ya nyeupe. Mwekundu hausomwi na mashine. Mambo ya *dépôt légal*, yaani kukabidhi kitabu serikalini kisheria, hushughulikiwa na Maktaba ya Taifa, Kinshasa. Kwa hiyo uliza mapema kama namba imeombwa, maana inachapwa ndani ya kitabu na haiwezi kungoja siku ya mwisho.

Imprimeri

Imprimeri ndogo za mjini mara nyingi huchapa kwa mashine ya dijitali juu ya A3. Ukurasa wa A5 unaingia mara nne kila upande wa A3, kwa hiyo karatasi moja ni kurasa 8. Kitabu cha kurasa 192 kinakula A3 24. Nakala 300 ni karatasi 7,200. Ongeza asilimia 5 za kuharibika, 7,560. Rimu za karatasi 500 zinatakiwa 16. Ukiwa na hesabu hiyo mfukoni, proforma (makadirio ya bei) iliyoandika rimu 22 utaiuliza kwa adabu.

Jambo wengi wanaligundua wamechelewa: A3 ya kawaida ikigawanywa mara nne inatoa A5 kamili bila ziada, na kitabu lazima kikatwe pande tatu baada ya gundi. Kitatoka 145 kwa 205 hivi. Ukiwa umepanga 148 kwa 210 na namba za kurasa karibu na ukingo, zitaliwa na kisu. Ama omba karatasi ya 320 kwa 450, ama panga kitabu kwa 145 kwa 205 tangu mwanzo na upunguze jalada vivyo hivyo.

Nyuzi za karatasi zifuate mgongo. A3 ambayo nyuzi zake zimelala upande mrefu inafaa kwa A5, lakini rimu nyingi za A4, zenye nyuzi za upande mrefu pia, zikigawanywa mbili nyuzi zinapita kinyume. Kitabu kinakuwa kigumu kufunguka na kurasa zinajikunja mawimbi, hasa hewa ya kiangazi cha Juni inapofuatwa na mvua za Novemba. Kujua: chana karatasi. Ikichanika imenyooka, umefuata nyuzi. Ikienda mrama, umezikata.

Gundi isipopashwa vya kutosha, au mgongo usipokwaruzwa kabla ya kugandishwa, kurasa zitatoka msomaji wa kwanza akifungua. Fungua nakala ya kwanza katikati, ivute kurasa mbili tatu, uone. Vitabu vyembamba, hadi kurasa 64 hivi, vishonwe kwa pini katikati. Gundi haina pa kushika.

Karatasi ya *bon à tirer*, yaani idhini ya kuchapa, ambayo wote huiita BAT, ndiyo mpaka. Kabla ya saini, kosa linasahihishwa bure au kwa bei ndogo. Baada ya saini, kosa lililokuwamo ni la nyumba, na nakala 300 zinalipwa. Stajieri hasaini BAT, hata akibembelezwa kwa simu kwamba mashine inangoja. Kazi yako ni kuweka mbele ya mkurugenzi prufu iliyochapwa (ya skrini haitoshi), karatasi ya maamuzi, na orodha ya vitu sita: idadi ya kurasa, vipimo baada ya kukatwa, karatasi ya ndani, karatasi ya jalada, idadi ya nakala, tarehe.

Mizigo ikifika, hesabu katoni zote, kisha toa nakala moja kati ya kumi na uipitie yote: fungu lililorudiwa, kurasa zilizogeuzwa, ukurasa mweupe. Fanya hivyo kabla ya kusaini karatasi ya kupokea. Nakala moja ya kitabu hiki ina uzito wa gramu 255 hivi, 300 ni kilo 76 na kidogo, hivyo ulizia gari mapema. Katoni ya nakala 40 ni kilo kumi, inabebeka.

Stoki, maduka na meza ya mauzo

Katoni zisiguse sakafu wala ukuta. Weka mbao za kimo cha sentimita 10 au 15, na acha nafasi ya mkono ukutani. Mvua za Novemba hadi Machi hupandisha unyevu kutoka chini. Mchwa wa Katanga, wenye vichuguu vilivyopita kimo cha mtu, hawahitaji mwaliko. Kila Ijumaa inama uangalie chini ya mbao kama kuna njia ya udongo.

Maduka hupokea vitabu kwa *dépôt-vente*: wanalipa kilichouzwa. Daftari la depo ndilo omba ulishike, kabla hata ya kuomba mswada. Kila mstari uwe na duka, tarehe, kitabu, nakala zilizoachwa, bei, punguzo la duka (mara nyingi kati ya asilimia 25 na 40) na saini ya aliyepokea, pamoja na jina lake. Ukiacha nakala 20 za dola 10 kwa punguzo la asilimia 30, na zimeuzwa 13, duka linadaiwa dola 91 na lazima uzione 7 kwa macho yako. Ukiambiwa "ziko nyuma", ngoja ziletwe. Pita kila mwezi. Duka lisilopitiwa miezi sita huwa limebadilisha muuzaji, na mpya hajui kitu.

Siku ya vernisaji, yaani uzinduzi wa kitabu, andaa chenji ya franka, maana noti ya dola moja hukataliwa na watu wengi, na noti iliyochanika hata kidogo ni hasara ya atakayeipokea. Igeuze, iangalie mbele ya mteja, mrudishie kwa upole. Malipo ya M-Pesa au Airtel Money yaende kwenye namba ya nyumba tu, usitoe yako hata mtandao ukikwama. Andika kabla ya kuanza nakala zilizotoka stoki. Mwisho: zilizouzwa, zilizogawiwa bure (kwa jina), zilizorudi. Jumla isipolingana, sababu mara nyingi ni rafiki wa mwandishi aliyechukua moja "nitakuja kulipa".

Kabla ya kuondoka

Wiki mbili kabla ya tarehe ya mwisho, andika mwenyewe rasimu ya *attestation* (cheti cha staji) yako: tarehe, saa kwa wiki, vitabu ulivyoshughulikia na ulichofanya kwa kila kimoja. Mpe msimamizi airekebishe na kuipiga muhuri. Ukingoja aandike yeye, utapata sentensi mbili zisizosema kitu. Ripoti ya chuo isiwe na bei za mkataba wa mwandishi wala kurasa za mswada ambao haujatoka. Mwonyeshe mkurugenzi kabla ya kuipeleka kitivo. Hakikisha jina lako na kazi yako viko kwenye ukurasa wa haki kama nyumba ina desturi hiyo, na uombe nakala moja ya kila kitabu, ikiandikwa kwenye daftari la stoki kama iliyotolewa bure.

Mkabidhi atakayekufuata daftari la depo mkiwa pamoja dukani, angalau kwenye maduka mawili, ili muuzaji aione sura yake.